Meno ya mpima mahindi

Jumanne

Sitaandika sitini, hata anipigie simu mpaka kesho.

Mwenye stoo ya mahindi kule Moi's Bridge alimleta Mzee Wafula, mfanyakazi wake, apigwe eksirei ya meno, nithibitishe amefika umri wa kustaafu, miaka sitini. Mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho chake ulikisiwa tu.

Picha ni ya mtu mzee kweli. Meno yamelika, uwazi wa ndani ya jino umekuwa mwembamba. Lakini kazi ya Mzee ni kuuma mahindi ya kila gunia, asikie kama yamekauka. Meno kama hayo huzeeka kabla ya mwenyewe.

Nikaandika kati ya arobaini na tano na sitini na tano.

"Daktari, hiyo ni jibu gani?" mwenye stoo akauliza kwa simu.

Jibu ni hilo tu. Naogopa atanishtaki kwa bosi wangu. Anishtaki. Ameyamaliza meno ya mtu, sasa anataka yamtolee ushahidi.