Eliécer Hanitaki Tena

Yadira, mbona hushiki simu? Haya, soma basi.

Nimetoka kwa Eliécer sasa hivi. Nimemkuta karakanani anatengeneza kinanda cha mtu, kodiani. Nikamwambia, "Mimi na Ramiro tumeachana. Nimekuja."

Unajua amenijibu nini? "Umekuja wapi?"

UMEKUJA WAPI! Mwanamume aliyenililia miaka miwili, akinivizia nje ya kanisa mpaka mji mzima wa Valledupar ukatusema!

Nikamwambia, "Kwako. Si ulisema utakufa ukinikosa?"

Hata kichwa hakuinua. "Nilisema, Nubia. Lakini ulikuwa mke wa mtu. Kila nikikuona na Ramiro, roho ilikuwa inaniuma. Leo nakuona, na haiumi."

Haiumi, shoga! Nimevunja ndoa yangu, mtu ananiambia haiumi!

Nimemtukana yeye na ukoo wake. Akanifungulia mlango taratibu, kama anamtoa mteja, akaufunga nyuma yangu.

Hili usimwambie mtu. Alipokuwa ananibembeleza, nilikuwa namringia, hata simu zake nyingine sipokei. Leo aliponifungia mlango ndipo nimemtaka hadi kufa. Bado nimesimama hapa nje, Yadira. Namsikia anaijaribu ile kodiani, na miguu inakataa kuondoka.