Uwanja Ndani ya Kibanja

Bukoba, Jumapili

Kaka Ndyamukama,

Hatujambo. Senene wameanza kuanguka Nshambya, nitakukaangia.

Skrini ya ndege ninayorusha bado inanisumbua. Nikipita juu ya Kagoma inachora uwanja wa kutua katikati ya kibanja chetu, pale alipozikwa baba. Fundi ameweka programu upya, akaniapia imepona. Uongo! Jana mawingu yalinifunika, nikaiamini skrini, nikajikuta nashuka. Nilipoona migomba ndipo nikapaa.

Hayo sijamwambia mtu ila wewe. Lakini leo mama kanipigia akihema. Amefyeka migomba kwa mstari ulionyooka, mpaka kaburini.

“Nani kakutuma, mama?”

“Baba yenu. Anasema kesho unatua.”

Na kesho zamu ni yangu.

Mdogo wako,
Judica