Vidoti Vitatu vya Getini

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na miguu imeacha kuvimba. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu sana. Mlinzi wa chekechea yako anaendeleaje? Nimesikia ameshazoea magongo, na anawatania wauguzi kwamba kuanzia sasa atanunua kiatu kimoja kimoja.

Kazi yangu unaijua juujuu, nawe huiita kupaka rangi. Kila mwezi tunapokea orodha za polisi na za hospitali, zile zilizo wazi kwa mtu yeyote kusoma: tarehe, saa, mtaa, na kama aliyepigwa risasi alipona. Kila tukio nalitilia kidoti chekundu kwenye ramani ya jiji. Vidoti vikisongamana mahali, manispaa hupeleka taa. Ni kazi ya kimyakimya. Unahesabu waliokufa na chai yako bado ya moto.

Uliniuliza kwa nini taa zote sita zimefungwa nyuma ya lile ghala, wanakopita paka tu, na mtaa wako ukaachwa gizani. Ukanieleza ulivyokwenda manispaa mara mbili, na yule karani akakufungulia ramani, akakuonyesha kwamba mtaa wako hauna hata kidoti kimoja, akakuuliza kama taa unazitaka za harusi. Ulirudi umefura. Ukasema anayeichora ramani ile hajawahi kukanyaga kwako.

Amekanyaga, dada. Kila Jumapili anakula kwako.

Mwaka jana, wazazi walipoanza kuitazama ramani kwenye simu, uliniambia watoto kumi na mmoja wameondolewa katika chekechea yako ndani ya wiki moja. Hukuniomba kitu. Palikuwa na vidoti vitatu mbele ya geti lako. Jumatatu yake nilivisogeza nyuma ya ghala, mita mia mbili tu, kwa kidole kimoja. Watoto wakarudi, ukanipigia simu ukicheka, nami nikajiona ndugu wa maana. Kisha taa zikafuata vidoti. Ndiyo maana jioni ile mlinzi alikuwa anafunga geti kwa kupapasa, na aliyempiga risasi hakuonekana hata kivuli. Nimeona aibu mno, nikashindwa kukuambia kwa simu.

Leo asubuhi orodha ya hospitali imemleta: mwanamume, miaka hamsini na minane, paja la kushoto. Nimemweka getini kwako, na vile vitatu nimevirudisha pembeni yake. Mkuu wangu nimeshamwandikia nilichofanya, na sidhani kama ataniacha kazini. Ramani inatoka Ijumaa. Najua utapoteza watoto tena, na safari hii sitakusaidia.

Mlinzi usimwambie. Nitakuja Jumapili nimwambie mwenyewe, akitaka kunisikiliza. Usinipikie.

Wasalimie watoto wote, maadamu wangali hapo wote.

Ni mimi mdogo wako,
mpaka rangi