Gololi na Nyumba ya Malindi

Jumatatu, 1 Machi 2004

Nimefika ofisini kabla ya wengine. Nyumba ya mtaa wa Malindi, hapahapa mjini, iko kwenye kioo cha kompyuta, ghorofa ya chini tu, ukuta mmoja bado haujafungwa. Nimeshika kipanya. Vidole vya mkono wa kulia havina habari. Kama vya mtu mwingine. Nimevikung'uta, nimevikanda, nimeendelea. Kufika adhuhuri maumivu yamepanda mpaka kwenye kiwiko. Nimechora kidogo, na nusu yake nimefuta.

Tangu nna umri wa miaka ishirini na tano nachora ramani za nyumba kongwe zinazohitaji kukarabatiwa. Kwanza kwa kalamu na karatasi kubwa, kisha kwa kompyuta. Hakuna aliyenambia kuwa kipanya kinaweza kumla mtu mkono.

Jumatano, 3 Machi

Hospitali. Daktari amekiminya kifundo, nimeruka. Amesema mshipa wa fahamu umebanwa. Dawa yake ni kupumzika, na usipopona ni kupasuliwa, na huko kupasuliwa si hapa, ni Dar. Amenifunga gango mpaka kwenye vidole. Kipanya nisikishike. Nimemuuliza nitafanya kazi vipi. Amesema hilo nikamuulize mkuu wangu.

Mama anasema ni kijicho cha watu. Amenipaka mafuta ya habasoda, kanisomea. Sikumkatalia.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto. Hati ya mtoto wa chuo cha Kurani. Naona haya hata peke yangu.

Jumamosi, 6 Machi

Nimezungumza kwa simu na Khalfan, kaka yangu, yuko Muscat, duka lao linauza kompyuta. Nilitaka kumpa salamu tu. Mama kaninyang'anya simu akamwambia yote.

Khalfan anasema kipo kipanya kisichotembea. Kinakaa palepale mezani, mpira uko juu, unauzungusha kwa vidole. Mkono haukwendi popote. Kinafaa kulia, kinafaa kushoto. Atampa mtu anayekuja.

Nimemjibu sawa. Sikuamini.

Alhamisi, 11 Machi

Kimefika. Kizito, cheusi, na mpira mwekundu mkubwa kama ndimu. Nimekiweka upande wa kushoto wa meza.

Suleiman, tunayechora naye chumba kimoja, amekitazama akacheka. Amekiita gololi. Kufika saa sita ofisi nzima inakiita gololi.

Siku mbaya. Ukigusa kidogo, mshale unaruka mpaka pembeni mwa kioo. Ukigusa kidogo zaidi, haukwendi. Ukuta nilioutaka ulale sawa umelala kama mlevi. Nimefuta, nimechora, nimefuta. Mkono wa kushoto mjinga, haujui kitu. Nimekwenda chooni nikalia. Nimeosha uso, nimerudi.

Jumanne, 16 Machi

Malindi, kupima. Suleiman kashika upande wa pili wa tepu, mimi naandika. Nyumba iko uchochoro wa nyuma ya bandari. Ghorofa mbili, mawe na chokaa, boriti zimeoza ncha zinapoingia ukutani. Ukuta wa mbele una ufa kutoka dirisha la juu mpaka karibu na mlango. Mwenye nyumba yuko Dubai, hajibu.

Wapangaji wote wameshahama isipokuwa Bi Zuwena, mama wa Kitumbatu, anashona kofia, na mwanawe Haji, mchukuzi bandarini. Wanakaa ghorofa ya kwanza. Chini ya ngazi mna kijichumba chenye dari ya kuba, ndimo anamoweka makaa. Kuta zake nene kuliko zote. Nimezipima mara mbili kwa sababu sikuamini.

Haji alikuwa ametoka zamu ya usiku. Mrefu, mpole, macho mekundu kwa usingizi. Amenishikia ngazi ya mbao nikapanda kutazama boriti.

Mhandisi Nassor, mkuu wetu, alinituma nimwambie Bi Zuwena ahame kwa muda. Nimemwambia. Hakukasirika. Aliendelea kutoboa kofia yake.

"Nende wapi, mwanangu? Tumbatu nna kaburi la mume wangu tu. Nyumba sina."

Amenipa chai ya tangawizi.

Jumatatu, 22 Machi

Mhandisi Nassor ameniita. Hakuwa mkali, na hilo limeniuma zaidi. Mvua za masika zinakuja. Magogo ya kuegemeza ule ukuta hayatolewi mpaka kamati inayogawa vifaa ione ramani kamili, kila ghorofa. Anataka kumpa Suleiman amalizie.

Nimemwambia Suleiman ana nyumba mbili nyingine, na hii naijua mimi. Nimemwomba wiki mbili. Amenitazama mkono, amekubali.

Kama sichori, mimi ni nani pale? Wa kupika chai.

Jumatano, 24 Machi

Leo kuna kilichobadilika. Niliacha kuusukuma mpira. Nimeulaza mkono mezani, ukalala kabisa, vidole tu ndivyo vinacheza. Ukitaka kwenda mbali unaupiga kidogo, unazunguka wenyewe. Ukitaka karibu unauzuia kwa ncha ya kidole. Mstari wa ngazi umekwenda nilikotaka. Nikachora mwingine. Nao pia.

Sikumwambia mtu. Nimekula wali wa nazi kwa Mama kama mtu aliyefunga.

Ijumaa, 26 Machi

Mvua kubwa ya kwanza. Baada ya sala ya Ijumaa nimepita Malindi, sikutumwa. Siku ile ya kupima ufa ulipitisha kalamu. Leo kidole kimeingia. Bi Zuwena kauziba kwa matambara, ndani, ili maji yasimlowanishie godoro. Nimemwambia tena ahame. Amesema Haji anatafuta chumba mtaa wa Mlandege, kwa dada yake yeye Bi Zuwena, labda mwisho wa mwezi ujao.

Naogopa. Naandika tu: naogopa.

Jumatano, 31 Machi

Ghorofa ya chini tayari. Ngazi tayari. Ghorofa ya kwanza tayari. Imebaki ya juu na dari.

Nimemwomba Mhandisi Nassor apeleke hizi kwanza kwa kamati. Amezipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwenye mvua. Wamezirudisha. Wanataka zote kwa pamoja. Amezitupa juu ya meza yangu, akaomba radhi kwa kuzitupa.

Mpira umeanza kukwama. Nimeutoa, nimekuta ndani vumbi la chokaa limegandamana na nywele. Chokaa ya nyumba ileile, naichukua mikononi kila nikienda. Nimesafisha kwa ncha ya kanga.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimemaliza. Yote. Ukuta wenye ufa nimeuchora peke yake, mkubwa, kila jiwe lililoteguka. Mhandisi Nassor kaitazama, kisha kasema hii ni kazi. Suleiman naye kaja kutazama. Hakucheka.

Imepelekwa. Sasa magogo.

Jumatatu, 12 Aprili

Hakuna magogo. Kamati inakutana wiki ijayo. Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 13 Aprili

Imeanguka.

Saa nne asubuhi hivi. Mimi sikusikia, mvua ilikuwa na kelele. Suleiman, aliyekuwa katoka kununua mikate, karudi mbio, kasimama mlangoni. Kasema Malindi. Sikumuuliza nyumba gani.

Tulipofika, sote watatu na Mhandisi Nassor, uchochoro haukuwapo. Kifusi kimejaa mpaka dirisha la jirani. Wachukuzi wa bandarini walikuwa wameshafika, wanachimba kwa mikono, kila mmoja mahala pake, wanapiga kelele ya kunyamazishana. Hakuna aliyejua mlango ulikuwa wapi. Ukuta wa mbele ulimwagika nje na wa nyuma ukaingia ndani, vyumba vyote vimekuwa kitu kimoja. Jirani mmoja, mwanamke, alikuwa analia, anasema alimwona Bi Zuwena muda mfupi kabla, anashuka kuchukua makaa.

Nilimshika Mhandisi Nassor mkono wa shati. Nikamwambia yuko chini ya ngazi. Mle hamkuanguka, kuta zile haziwezi kuanguka.

"Kapime kwenye ramani, kutoka kwa jirani," akanambia. "Ukuta ule umesimama. Nenda, Saada, nenda."

Nimekimbia mpaka ofisini. Kompyuta ilichukua muda wote wa dunia kuwaka. Nimefungua ghorofa ya chini, nimeweka mkono kwenye gololi, haikwendi. Mikono yangu ilikuwa chokaa na maji, uji mtupu. Nimeutoa mpira, nimefuta ndani kwa baibui, nimeurudisha. Umekwenda kidogo, umekwama. Nimetoa tena. Nilijisikia nautukana, mimi ambaye situkani. Kile kipanya cha zamani kilikuwa mezani kwa Suleiman, nikakitazama, vidole vya kulia vimekufa ndani ya gango. Nikafuta mara ya tatu, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Ukazunguka.

Nimevuta mstari kutoka ukuta wa jirani mpaka katikati ya kijichumba. Mwingine kutoka pembe ya uchochoro. Nimeandika vipimo kwa maandishi makubwa. Nimechapisha, nimetia karatasi kwenye mfuko wa plastiki, nimekimbia.

Wamepima kwa tepu juu ya kifusi, Suleiman upande mmoja na Mhandisi Nassor upande mwingine. Wamesimamisha fimbo. Watu wote wakaja pale pamoja. Wakachimba, wakapokezana mawe mkono kwa mkono mpaka bandarini. Mimi nilikaa juu ya karai lililopinduliwa, sina mkono wa kuchimbia.

Baada ya adhuhuri mtu akapaza mkono, wote wakanyamaza. Ilikuwa sauti ndogo sana. Alikuwa Bi Zuwena, anamwita Haji.

Wamemtoa alasiri. Mguu umevunjika, uso mweusi kwa makaa, hai. Alipopita kwenye machela alinishika gango langu, akaniuliza Haji katoka? Nilisema wanamtafuta. Haji alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuwa amelala juu.

Wamempata kabla ya magharibi. Sikutazama.

Jumatano, 14 Aprili

Haji amezikwa asubuhi. Wachukuzi wa bandari nzima wamekuja, jeneza halikukaa begani kwa mtu mmoja kwa muda mrefu, kila mtu anataka kulibeba. Mama na mimi tumekaa na wanawake, kwa dada yake Bi Zuwena, Mlandege. Chumba walichokuwa wahamie kiko hapohapo, kimeshapakwa chokaa.

Bi Zuwena yuko hospitali, mguu umefungwa plasta. Hakumwona mwanawe akipelekwa kaburini.

Ijumaa, 16 Aprili

Lori limeleta magogo Malindi. Mapya, marefu, yananukia. Yameshushwa mbele ya kifusi.

Nimekaa ofisini sikuchora. Mwisho nimemwendea Mhandisi Nassor, nimemuuliza lile linalonikaba. Kama mkono wangu ungekuwa mzima. Kama ramani ingemalizika Machi.

Kavua miwani. "Ungemaliza Februari, magogo yasingekuwapo. Nilikuwa nayaomba tangu mwaka jana."

Sijui kama ni kweli au ni huruma. Nimemtazama usoni, sikujua. Uso wake mwenyewe ulikuwa wa mtu asiyelala.

Jumanne, 20 Aprili

Nawachukia wote waliokaa kwenye ile meza ya kamati wakasema walete zote kwa pamoja. Sitaki kujilaumu kwa ajili yao. Halafu nalala, najilaumu.

Jumatatu, 3 Mei

Nimeanza nyumba nyingine. Vidole vya kulia vimepata fahamu kidogo, asubuhi vinachoma. Daktari anasema kuchoma ni dalili njema. Sitarudi kwenye kipanya. Mkono wa kushoto umeshajifunza, na mimi nshauzoea.

Suleiman kaniuliza kama Khalfan anaweza kumletea yeye pia. Kifundo chake kimeanza kuuma. Alisema akitazama dirishani. Nimemwambia nitampigia.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua imepungua. Bi Zuwena kaja ofisini.

Kaja na gongo, dada yake kamshika mkono mpaka ngazi, kisha kamwachia apande peke yake. Nimeinuka, nimemwamkia shikamoo, kaitika marahaba. Nimempa kiti changu, nimekaa kwenye cha Suleiman nikikivuta karibu. Amekonda. Kaangalia chumba, kaangalia meza, kaangalia ule mpira mwekundu. Hakuuliza ni kitu gani.

Nilidhani kaja kuuliza habari za kiwanja, au mwenye nyumba. Nikaanza kumweleza. Akatikisa kichwa.

"Watu wanasema nyumba yangu iko humu."

Nikamwambia naam, iko.

"Nioneshe alipokuwa Haji."

Nimeifungua. Nimeweka mkono wa kushoto kwenye gololi, nikauzungusha polepole asije akapotea. Mlango. Ukumbi. Ngazi. Ghorofa ya kwanza. Nilimtajia kila mahala, naye akiitikia kwa kichwa, hapo palikuwa na cherehani, hapo mtungi. Chumba cha nyuma, dirisha la upande wa bandari. Nikakikuza mpaka kikajaa kioo. Nikasimamisha mshale pale kilipokuwa kitanda.

"Hapa?"

"Hapa, Bi Zuwena."

Kaweka kidole juu ya kioo, akakiacha. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Ukigusa ule mpira hata kidogo, mshale unahama. Nimekaa bila kusogeza kidole, mpaka mkono wa kushoto nao ukaanza kufa ganzi.

Alipomaliza kajifuta uso kwa mtandio. Kaniuliza kama nimekula.