Mtani Niliyemkuta Melini

Kasombe, Ziwa Tanganyika
3 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Wenceslaus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Kidete, pamoja na Mama, na kwamba nyumba yetu ya kijiji kipya imekwisha kuezekwa. Vipi kifua cha Mama? Mimi ni mzima, kama mtu anaweza kuitwa mzima akiwa Kasombe. Usishangae karatasi kunuka. Hapa kila kitu kinanuka dagaa: mto wa kulalia, chai, hata padre.

Treni ilinifikisha Kigoma vizuri, nikapanda meli nikiwa nimevaa Kaunda suti yangu, kama inavyompasa mshenga anayekwenda kumposea mdogo wake. Nilikaa sitahani katikati ya mbuzi na magunia ya muhogo, na mama mmoja akamlaza kuku wake juu ya kiatu changu bila hata kuniomba radhi.

Ulinieleza jinsi Fausta alivyokuwa akiusifu mji wao huko JKT mlikokutana. Mdogo wangu, mapenzi yamekutia upofu. Sisi Kidete tuna stesheni yenye kengele. Kasombe wanaita bandari mahali pasipo na gati! Meli husimama mbali majini na kupiga honi, kisha mitumbwi inakuja kugombania abiria. Mimi niliteremshwa nikaangukia gunia la chumvi. Mji wenyewe ni njia moja ya mchanga, duka la ushirika lenye viberiti na jembe moja, na ofisi ya chama ambayo mwenyekiti wake huenda kuvua saa za kazi. Waliobaki hukaa wakilitazama ziwa kana kwamba jana halikuwepo.

Jambo moja tu lilinifurahisha njiani, na ndilo lililozaa mengine yote. Melini nilimsikia mzee mmoja mwenye kofia ya pama akizungumza Kinyamwezi na wafanyabiashara wa Tabora. Nikasema moyoni, afadhali, nimepata mtani! Unajua sisi Wasagara na Wanyamwezi tulivyo, tukikutana hakuna adabu, ni kutukanana na kunyang'anyana mpaka mtu acheke. Basi sikumpa hata shikamoo. Nilimvua ile kofia nikaivaa mimi. Nikamwambia babu zake walichoka kubeba mizigo ya watu, wakaishia kudoea ugali kwetu. Nilifungua kikapu chake, nikatoa samaki, mgebuka mkavu mnene, nikamla mbele yake, na miiba nikamrudishia.

Mzee alitabasamu kidogo, akaniuliza naelekea wapi. Nikamjibu kwa sauti, abiria wote wasikie, kwamba nakwenda Kasombe kuwaondolea wavua dagaa binti mmoja, na kwamba wangepaswa kupiga vigelegele kwa Msagara kukubali kuwatazama. Nikaongeza kwamba tutamsugua kwa jivu mpaka harufu imtoke. Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani wanaficha kicheko.

Huku Kasombe nilipokewa vizuri nyumbani kwa akina Fausta, hilo siwezi kuwanyima. Mama yake, Mama Ida, alinipa kigoda na maji ya kunawa, akaniambia nimsubiri mwenye nyumba, kwani naye ameshuka meli hiyo hiyo na amepitia kwa jirani. Nikakaa nikinyoosha suti. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Urbanus, baba yake Fausta, kichwa wazi. Kofia yake nilikuwa nimeivaa mimi.

Wenceslaus, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nilisimama nikasema shikamoo, ile niliyomnyima safari nzima. Akaitikia marahaba taratibu, akaketi. Akanieleza kwamba yeye si Mnyamwezi hata kidogo. Kinyamwezi alikiokota ujanani alipokata mkonge pamoja na Wanyamwezi kule kwetu Rudewa, na huko huko alijifunza utani wetu, hivyo alijua tangu neno langu la kwanza kwamba nimekosea mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakunizuia, alisema kabla ya kumtoa binti yake alitaka kusikia watu wa kwetu husema nini wakidhani hakuna mkwe anayesikia.

Nilipiga magoti na suti yangu. Nikajua posa imekufa. Kisha akasema kwamba Rudewa aliona pia Wasagara wakiwalimia wakwe kabla ya kupewa mke, na kwamba shamba la Kasombe ni ziwa. Anataka uje mwenyewe uvute kokoro, ule wavu wao mrefu wa kamba, msimu mzima, akuone ulivyo kwa macho yake. Mpaka ufike, mimi nitashika kamba yako. Nikipanda meli kabla hujafika, jibu lao ni hapana.

Meli imekwisha kupita tena, nikaitazama tu. Kila siku nasimama ndani ya maji mpaka kiunoni navuta wavu pamoja na watu niliowatukana, na jua likiwaka naanika dagaa mchangani. Mikono imechubuka na mji huu naudharau vile vile. Lakini yule binti, mdogo wangu, amesikia yote niliyoyasema, na bado kila jioni ananiletea maji ya moto ya kuoga na kuniuliza habari zako. Nilitaka kulia. Ningepanda ile meli, nisingeweza kukutazama usoni maisha yangu yote.

Njoo. Nimemwambia Mzee Urbanus kwamba utakuja, naye akajibu kwamba ataamini akikuona unashuka. Usikawie, na tafadhali, melini msalimie kila mzee.

Nisalimie Mama kwa unyenyekevu, mwambie nimecheleweshwa na shughuli za posa, si uongo. Nisalimie na Petro na majirani wote. Fausta anakusalimu kuliko sisi sote.

Ni mimi kaka yako, ninayekushikia kamba,

Anselmi