Saa ya Mwalimu Mwaro

Naz, niko kwa msusi. Nusu kichwa kimesukwa, siwezi kutoka.

Kuna wasichana watatu wa shule hapa, wanamwigiza kakangu. Marehemu Mwaro, Naz, mwalimu wao wa fizikia. Mmoja anachechemea na ufagio kama gongo lake, wenzake hoi kwa kicheko. Hawajui mimi ni dadake.

Yule mwenye ufagio akaiga mpaka sauti yake: "Wanangu, fizikia inasema anayekwenda kasi saa yake huchelewa. Nyinyi kimbieni, yangu iko sawa."

Neno kwa neno, Naz.

Machozi yakanitoka. Msusi akadhani amenivuta nywele, akanishika kichwa: "Tulia, mama."

Tangu tumzike sijayasikia maneno yale. Nilitaka kuwafokea. Nikajisikia nasema, "Hebu rudia."

 Sasa wananitazama kwenye kioo.