Neno la Mkate

Parkdale, Jumanne, Februari 2003

Jino linacheza, mdomo umevimba kama andazi, na yote haya kwa sababu ya mkate.

Ivo ameanza kazi leo kwenye bekari yetu hapa ughaibuni. Niliposikia ni Mkroatia nilifurahi kama mtoto, maana lugha yao niliijua Belgrade nilikopelekwa kusomea ufundi, Yugoslavia ikiwa bado nchi moja ya kikomunisti, Waserbia na Wakroatia pamoja. Nikamwambia kwa lugha hiyo, "Kaka, nipe huo mkate." Mkate nikauita hleb, kama nilivyofundishwa.

Akanipiga ngumi ya mdomo. Nilipoanguka akanikanyaga kifuani, akainua trei ya chuma anipasue kichwa, akifoka, "Mserbia wewe!" Wenzetu wakamvuta.

"Una wazimu?" nikamfokea huku natema damu. "Mimi Mserbia? Mimi mtu wa Tabora!"

Akakaa chini kwenye unga, akalia. Akasema hleb ni neno la Waserbia. Kwao ni kruh. Nchi ilipovunjika na vita kuanza, wanajeshi wa Kiserbia walimsimamisha mdogo wake njiani, wakamuuliza mkate anauitaje. Akajibu kama mama yao alivyowafundisha. Wakampiga risasi ya mdomo.

Bado nina hasira naye. Kesho nitamsemea kwa bosi, au basi… sijui.

Jioni mke wangu aliniletea chai. "Baba Salma, utakula na nini?"

Mkate ulikuwa pale pale mezani. Nikashindwa kuutaja. Nikauonyesha kwa kidole.